Paka kagongwa, kaanguka au kala sumu: ufanye nini kabla hujamfikisha kwa daktari

Naomba ulishike hili kabla ya yote, paka akipata ajali kazi yako sio kumtibu. Kazi yako ni kuhakikisha anafika kwa daktari wa mifugo akiwa bado anapumua, na hali yake haijaharibiwa zaidi njiani au pale pale nyumbani na mikono yetu wenyewe. Nalisema kwa uchungu kabisa, maana kuna paka haponzwi na bodaboda iliyomgonga, anaponzwa na kile alichopewa dakika tano baadae na mtu anayempenda. Nusu kidonge cha Panadol ili maumivu yapungue, Dettol kwenye kidonda, maziwa ya kulazimishwa mdomoni eti yakate sumu. Nia ni njema kabisa alafu paka anakufa usiku. Kwa hiyo humu nitaongea sana kuhusu vya kutofanya, usichoke, ndo vinavyookoa.

Kwanza ulinde mikono yako

Paka mwenye maumivu makali hakujui. Hata kama umemlea toka yuko mdogo na analala kwenye godoro lako, akiwa na mfupa umevunjika atakung'ata, na meno ya paka ni membamba yanaingia ndani sana yanaacha vijidudu chini kabisa ya ngozi, mkono unaweza kuvimba kabla ya kesho yake. Usimwinamie uso kwa uso. Mwendee taratibu kwa pembeni, ongea nae kwa sauti ndogo, alafu mtupie taulo au kanga imfunike mpaka kichwa, paka akiwa gizani anatulia kidogo. Mnyanyue akiwa ndani ya hiyo kanga, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio. Lakini kama anahema kwa shida usimbane hata kidogo, usimviringishe kama mtoto mchanga, msukumie tu ndani ya boksi lenye matundu umwache akae mkao anaoutaka yeye, maana paka anayekosa hewa akilazimishwa kushikwa anaweza kukata roho mikononi mwako.

Ukishang'atwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, sio kunawa tu na kufuta, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uwaeleze ni paka. Ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa sio wa mbwa peke yake, paka pia anaupata na anauambukiza, na ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna tena cha kufanya, ila sindano zikiwahi zinazuia. Na hii ndo sababu ya kumchanja paka wako kila mwaka hata kama hatoki nje.

Mwangalie sekunde thelathini kabla hujafanya chochote

Watu wanakimbilia kidonda kwa sababu ndo kinachoonekana. Anza na pumzi. Paka aliyetulia anapumua mara 20 mpaka 30 hivi kwa dakika, hesabu kifua kikipanda kwa sekunde 15 uzidishe kwa nne. Ikizidi 40 akiwa amelala tu, au anahema mdomo wazi ulimi nje kama mbwa, au tumbo linavuta kwa nguvu kila pumzi, hiyo ni dharura namba moja, mengine yote yanasubiri.

Alafu nyanyua mdomo wa juu uangalie fizi. Za kawaida zina rangi ya waridi, ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe na rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe maana yake damu imepungua au mzunguko umeshuka, za bluu hewa haifiki, za kahawia kama tope fikiria Panadol, nitaielezea mbele. Wapo paka wenye fizi nyeusi toka kuzaliwa, hao angalia ulimi au ndani ya kope ya chini. Gusa na masikio na nyayo, zikiwa za baridi na paka amelegea, ameingia kwenye mshtuko wa mwili na unaweza kumpoteza hata bila tone la damu kuonekana. Mfunike, mwekee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa karibu nae, sio moja kwa moja kwenye ngozi, na muanze safari.

Joto la kawaida la paka ni kama 38 mpaka 39.2, kwa hiyo usije ukasema ana homa kwa sababu tu ni wa moto kuliko wewe. Na usidanganywe na kukoroma, ule mngurumo mdogo wa kooni akiwa macho. Paka anakoroma akiwa na raha lakini anakoroma pia akiwa na maumivu makali, hata akiwa anakaribia kufa, kwa hiyo "mbona anakoroma, yuko fresh" sio kipimo cha kitu chochote.

Aliyegongwa na aliyeanguka ghorofani

Hawa wawili wanafanana kuliko unavyodhani, kwa sababu madhara makubwa yapo ndani. Paka kagongwa na gari anaweza kukimbia mpaka chini ya kitanda akajilaza, unamwona mzima, kumbe mapafu yanavuja hewa ndani ya kifua, au kibofu kimepasuka, au kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kimechanika na utumbo umepanda juu. Ukimkuta paka amerudi na kucha zimechanika chanika na vumbi au grisi kwenye manyoya, chukulia kagongwa hata kama hukuona, maana kucha zinachanika akijaribu kushikilia lami.

Kuhusu kuanguka, watu wanasema paka ana roho tisa na anatua kwa miguu. Ni kweli mara nyingi anatua kwa miguu, ila kifua na kidevu navyo vinafika chini. Kuna utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 1987, waliangalia paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, na kati ya wale waliotibiwa asilimia 90 hivi walipona, lakini walio wengi sana walikuwa wameumia kifua, wengine wamepasuka kaakaa na kuvunjika taya. Yaani wanapona kweli, ila hao ni waliofikishwa hospitali. Kwa wanaokaa ghorofani Kariakoo na Upanga na kwingine, weka wavu dirishani, nondo za dirisha hazimzuii paka.

Kumbeba usimshike kwa ngozi ya shingo akining'inia, wala usimnyanyue kwa miguu. Tafuta kitu bapa na kigumu, sinia kubwa la pilau linafaa sana, au ubao, au kava la boksi gumu, lisogeze karibu na mgongo wake umvutie juu yake akiwa kwenye taulo bila kumkunja uti wa mgongo. Mguu uliovunjika usiunyooshe na usiufunge vijiti, najua kwa binadamu tunafunga, kwa paka kufunga vibaya kunaongeza maumivu na mfupa unaweza kutoboa ngozi. Mwache mguu ulale ulivyo, boksi dogo lenye mataulo litamzuia asijitikise. Jicho likiwa limetoka nje, usilirudishe, liloweshe na kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya dripu na uwahi, kila dakika ina maana kwa jicho.

Usimpe chakula, usimpe maji. Pengine daktari atamlaza kwa dawa ya usingizi na tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika na kupaliwa.

Damu

Paka wa kilo 4 ana damu kama robo lita tu mwili mzima. Kwa hiyo hiyo unayoiona sakafuni ukasema ni kidogo, kwake ni nyingi. Chukua kitambaa safi au shashi, bonyeza juu ya kidonda kwa nguvu ya wastani dakika tano mpaka kumi bila kuchungulia, na hapa ndo wengi wanashindwa, wanafunua kila sekunde kuangalia kama imekata na kila wakifunua wanang'oa damu iliyoanza kuganda. Ikilowa ongeza kitambaa kingine juu, cha chini kiache. Kama kuna kitu kimezama, waya au kipande cha chupa, usikichomoe, bonyeza pembeni yake.

Usiweke majivu, usiweke majani ya chai, kahawa, dawa ya meno wala oili chafu ya gari. Na tafadhali sana Dettol iache bafuni. Kemikali zake zina madhara kwa paka kuliko kwa sisi, na paka haachi kitu kwenye manyoya, atairamba yote, itamchoma mdomo na koo na kuingia mwilini. Spiriti na Jik vile vile. Cha kusafishia ni maji ya chumvi, ile dripu ya chumvi inayouzwa famasi ni nzuri kuliko yote, huna basi chemsha maji nusu lita tia chumvi kijiko kimoja cha chai, yapoe kabisa. Ukiwa na ayodini ya povidoni ichanganye na maji mpaka ipate rangi ya chai ya rangi nyepesi, isizidi hapo.

Madume yanayopigana usiku yanarudi na vitobo vidogo ambavyo siku ya pili vinafunga juu na ndani kunatunga usaha. Jipu la moto shavuni au karibu na mkia, paka hali na ana homa, usilitumbue na wembe nyumbani, lipeleke lipasuliwe vizuri na apate antibayotiki.

Sumu, hapa ndo pana kazi

Nianze na Panadol. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamo kama letu linavyofanya, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima na hata nusu inaweza. Ndani ya masaa machache damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa kahawia, uso na nyayo zinavimba, anahema. Hakuna kipimo kidogo ambacho ni salama, hata ile ya maji ya watoto sio salama. Brufen, diklofenaki, aspirini, zote weka kundi hilo hilo. Kama mtu kashampa, sema ukweli kwa daktari, usione aibu, kuna dawa ya kuikabili parasetamo ila inafanya kazi ukiwahi.

Alafu kuna yule anayepita mtaani na spika, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Tatizo la zile dawa ni kwamba nyingi hazina lebo, na "sumu ya panya" sio kitu kimoja. Zile punje za bluu au waridi mara nyingi zinazuia damu kuganda, paka anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu mpaka tano alafu ghafla analegea, fizi nyeupe, damu puani au kwenye kinyesi, na anaweza kuipata hata kwa kula panya aliyekula sumu. Hiyo inatibika vizuri kwa vitamini K kama utampeleka siku uliyomwona anakula, usisubiri dalili. Nyingine ni za jamii ya viuatilifu vya shambani zinazofungwa kwenye vikaratasi, hizo zinapiga ndani ya dakika au masaa, mate yanamwagika, machozi, anajikojolea, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatetemeka. Daktari ana atropini kwa ajili hiyo, hata daktari wa ng'ombe anayo. Na kuna ule unga wa kijivu cheusi unaonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, huo ukikutana na tindikali ya tumbo unatoa gesi, kwa hiyo usimpe chakula kabisa, na ukiwa nae ndani ya gari fungua vioo, akitapika ile gesi inakudhuru na wewe.

Sasa maziwa. Maziwa hayakati sumu. Mafuta ya kula hayakati sumu, kuna sumu ambazo mafuta yanazisaidia kuingia mwilini haraka. Mkaa wa jikoni sio ule mkaa maalumu wa hospitali. Na paka anayetetemeka au aliyelegea ukimmiminia kitu chochote mdomoni kinaenda kwenye mapafu, anaweza kupona sumu akafa na nimonia. Usimtapishe pia. Wala chumvi, wala kidole kooni, wala ile dawa ya kusafishia vidonda yenye povu (haidrojeni peroksaidi). Kama kanywa mafuta ya taa, tindikali au sabuni kali, kutapika kunamchoma mara ya pili. Unachotakiwa kufanya ni kutoa mabaki mdomoni kama yapo na anakubali, kuchukua pakiti au hayo matapishi kwenye mfuko, kuandika saa ngapi na kiasi gani, kumpigia daktari huku uko njiani.

Ya ngozi ni tofauti kidogo, hapo una kazi ya maana ya kufanya. Watu wananunua dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbwa duka la mifugo wanamuogesha paka ili viroboto vife. Dawa nyingi za hivyo, hasa zenye pemethrini, sipamethrini au amitrazi, ni sumu kwa paka. Akianza kutetemeka masikio na ngozi, mate yanatoka, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza vizuri, mkaushe, mviringishe asipate baridi, mpeleke. Usitumie maji ya moto, yanafungua ngozi dawa inazidi kuingia.

Na wale wenye uwezo wa kununua maua Nairobi, kumbuka ua la lili. Yale maua makubwa meupe au ya waridi yenye unga unga wa rangi ya chungwa katikati, majani yake, unga wake, hata maji ya kwenye vesi, yanaua figo za paka kabisa. Ukiona unga wa lile ua kwenye manyoya yake usisubiri aumwe, osha na nenda siku hiyo.

Dume anayechuchumaa bila mkojo kutoka

Hii haionekani kama ajali ndo maana inaua sana, na nataka niielezee vizuri. Dume, mara nyingi aliyehasiwa, mnene kidogo, anakula chakula kikavu na maji hanywi sana, anaanza kwenda kwenye mchanga kila dakika chache. Anachuchumaa, anajikamua, analia, hakuna kitu au kinatoka kitone chenye damu. Anajiramba sana chini ya mkia. Watu wanasema amefunga choo wanampa mafuta. Hajafunga choo, mkojo umeziba. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, vichembe na ute vinaiziba, kibofu kinajaa, figo zinarudishiwa presha, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama. Toka kuziba mpaka kufa ni siku mbili tatu, na kuanzia siku ya kwanza anaanza kutapika na kulegea.

Msaada wa kwanza hapa ni mmoja tu, gari. Ukigusa tumbo karibu na miguu ya nyuma unaweza kuhisi kitu kigumu cha duara, usikiminye kujaribu kumkojolesha, kinaweza kupasuka. Usimlazimishe maji mengi. Hata ikiwa ni saa sita usiku, piga simu za madaktari mpaka apatikane mmoja wa kumwekea mrija. Ukisikia mtu anasema "ngoja tuone kesho", mkatalie.

Jike nae akiwa anazaa, akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna kitoto, au kitoto kimekwama nusu nje na hakisogei, nenda. Usivute kwa nguvu.

Gundi, moto, umeme, joto, ndoano, nyoka

Gundi ya panya imekuwa tatizo kila nyumba. Paka akinasa usimvute, ngozi inabanduka. Nyunyizia unga wa ngano sehemu za gundi zilizobaki wazi ili zisimshike zaidi, alafu paka mafuta ya kula pale aliponasa, masaji taratibu kwa vidole mpaka inaachia yenyewe, inaweza kuchukua hata saa zima, kuwa na subira. Baadae muoshe kwa sabuni ya vyombo. Petroli, thina na mafuta ya taa usithubutu, na hili linahusu pia paka aliyeingia kwenye rangi au oili.

Kuungua, kwa maji ya moto, mafuta ya chipsi au jiko la mkaa, ni maji ya bomba ya kawaida yatiririke juu ya sehemu iliyoungua dakika 10 mpaka 20, huku mwili mwingine umefunikwa asipoe kupita kiasi. Sio barafu, sio yai, sio dawa ya meno, sio asali. Malengelenge usiyatumbue. Moshi nao, kama alikuwa ndani ya chumba kilichoungua mpeleke hata kama hana jeraha.

Akitafuna waya wa umeme na bado ameganda nao, zima meni swichi kwanza, huwezi kuifikia basi msukume na mti mkavu. Atakuwa na kidonda cheupe au cheusi kwenye ulimi na midomo, na mapafu yanaweza kujaa maji masaa mengi baadae, hata kesho yake, kwa hiyo akionekana kapona bado mpeleke.

Joto la pwani linamuua paka aliyefungiwa kwenye gari au chumba cha bati bila hewa. Anahema mdomo wazi, mate mazito, anayumba. Mtoe kivulini, mloweshe maji ya kawaida tumboni, kwapani na nyayo, mwashie feni. Barafu hapana, inabana mishipa joto linabaki ndani. Joto likishuka karibu na 39.5 acha kumlowesha, mpeleke.

Karibu na soko la samaki, iwe Feri hapa Dar au huko Lamu na Mombasa, kuna ndoano na mishipi. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au unatoka nyuma, usiuvute hata kama unaona umeshatoka nusu, upande mwingine unaweza kuwa umezunguka chini ya ulimi au umekunjana ndani ya utumbo, ukivuta unaukata utumbo kama msumeno. Uache wenyewe urefu ule ule au ukate ubaki kipande cha kuonekana. Hivyo hivyo kwa sindano na uzi wa fundi cherehani. Ila mfupa wa samaki uliokwama mbele mdomoni ukiuona vizuri na paka ametulia, utoe na koleo ndogo. Akiwa amekabwa kabisa, hewa haipiti na anaanza kulegea, fungua mdomo vuta ulimi mbele uangalie, huoni kitu basi mwinamishe kichwa chini umpige katikati ya mabega kwa kiganja mara tano, ikishindikana mwegemeze mgongo kifuani kwako ubonyeze chini ya mbavu kwenda juu haraka haraka mara tano, kwa nguvu ya kiasi chake, ni mdogo huyu.

Nyoka: swila akimtemea machoni, suuza kwa maji safi dakika 15 mpaka 20, maziwa hayana faida ya ziada. Aking'atwa usichanje, usifunge kamba, usinyonye, mtulize asitembee na uondoke nae. Nyoka mpige picha kwa mbali tu, usimfukuze.

Degedege: ondoa vitu vya kumuumiza, zima taa na redio, usimshike ulimi, angalia saa. Likizidi dakika tano au yakifuatana, ni dharura.

Kama hapumui

Mguse umwite. Haamki na kifua hakipandi, usipoteze zaidi ya sekunde 10 au 15 kuangalia, anza. Mwongozo wa kimataifa wa RECOVER, wa kumwamsha mbwa au paka ambaye moyo umesimama, uliotoka 2012 na kuboreshwa 2024, unasema ubane kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mlaze ubavu, zungusha kiganja kimoja kifuani nyuma ya viwiko, kidole gumba upande mmoja na vinne upande mwingine, bana kifua kiingie theluthi moja mpaka nusu ya upana wake na uachie kirudi chote. Bana mara 30, kisha funga mdomo wake, weka mdomo wako juu ya pua yake, puliza pumzi mbili ndogo mpaka uone kifua kinapanda, rudi kwenye kubana. Kila dakika mbili angalia kidogo. Kama ni paka usiyemjua au hajachanjwa, bana kifua tu bila kupuliza, kichaa kinakaa kwenye mate. Aliyezama kwenye ndoo au tenki usimzungushe hewani kwa miguu, mwinamishe tu kichwa maji yatoke na uanze.

Njiani na baada ya hapo

Tenga la kubebea kuku ni zuri sana, hewa inapita na anaona giza ukilifunika kanga. Usimtie kwenye kiroba wala mfuko wa plastiki, hata kwa dakika kumi za bodaboda. Piga simu kabla hujafika, uliza kama daktari yupo na kama anatibu paka, hii inakuokolea safari nzima. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya chuo cha Sokoine, Nairobi kuna kliniki ya chuo kikuu kule Kabete, sehemu nyingine tafuta afisa mifugo wa kata. Ni kweli wengi wao wamezoea ng'ombe na mbuzi, lakini dripu wanaweza, kushona wanaweza, usimdharau. Wewe muulize tu kwa heshima, "daktari, hii sindano ni salama kwa paka?", hasa ikiwa ni ya maumivu, na mtajie uzito wake.

Tunza boksi moja nyumbani lenye shashi, pamba, bendeji, dripu ya chumvi, bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake, mkasi, glovu, themometa, taulo na namba za madaktari wawili, maana mmoja simu yake itakuwa imezimwa.

Akirudi nyumbani mfungie chumba kidogo chenye mchanga wake, siku mbili za kwanza hesabu pumzi asubuhi na jioni na uhakikishe anakojoa, aliyegongwa akimaliza masaa 24 bila mkojo mrudishe. Koni ya shingoni, ile ya kumzuia asirambe kidonda, usimvue kwa huruma, ikipotea kata ya boksi gumu au ndoo ndogo ya plastiki. Na chakula, akipitisha siku mbili bila kula mpigie daktari, ini la paka linaharibika haraka akikaa na njaa hasa akiwa mnene, mjaribishie dagaa wa kuchemsha bila chumvi au supu ya samaki ya uvuguvugu, isiwe na kitunguu maji wala kitunguu saumu kwa sababu vyote viwili vinavunja chembe zake za damu.